Kujenga pwani kwa ajili ya afya: nyumba ya bloku, nyumba ya mawe, au nyumba ya kuta nyepesi?

Anayetaka kujenga nyumba katika ukanda wa pwani, tangu Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya bati, idadi ya tofali na aina ya vigae. Swali la afya ya watakaoishi humo huja mwishoni, likija, wakati familia imeshahamia, watoto wanaugua mara kwa mara na wazee hawapati usingizi kwa joto. Makala haya yanalinganisha aina tatu za nyumba kwa kipimo ambacho naamini ndicho kikubwa kuliko vyote, yaani hali ya hewa ndani ya chumba cha kulala kati ya saa nne usiku na alfajiri. Katika saa hizo ndipo mbu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, huingia na kuuma kwa wingi. Ndipo kuta hutoa joto zililolihifadhi mchana kutwa. Na ndipo madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi, huku watu watatu au wanne wakivuta na kutoa pumzi katika chumba kimoja mpaka asubuhi. Nyumba inayofaulu mtihani wa saa hizo huwa na mengine machache ya kurekebishwa, na inayoshindwa haiponywi na vigae wala rangi.

Nyumba ya kwanza ni ile inayojengwa na walio wengi leo: kuta za bloku za saruji, paa la bati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma na, kwa mwenye uwezo, kiyoyozi. Ya pili ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo waliotutangulia waliijenga Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa, na ambayo bado wapo wanaoirithi, wanaoinunua au wanaotamani kuiiga. Ya tatu ni ngeni zaidi: nyumba ya ghorofa iliyo nyembamba na nyepesi, yenye vyumba vya kulala juu na kuta zinazopitisha hewa, iliyofanyiwa majaribio Muheza na baadaye Mtwara.

Nyumba ya bloku

Ni haki kuanza na mazuri yake, kwa sababu wako wanaoidharau kana kwamba haijamfaa mtu. Sakafu ya saruji peke yake ni kinga ya afya. Nchini Meksiko serikali ilipowafunikia wananchi maskini sakafu zao za udongo kwa saruji, katika mpango uliojulikana kama Piso Firme, watafiti walikuta maambukizi ya minyoo na vimelea kwa watoto wadogo yamepungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Ukuta wa bloku uliopigwa lipu nao hauna nyufa za kuhifadhi wadudu, haubomoki kwa mvua za masika, na unamtuliza mwenye nyumba kuhusu usalama wa mali yake, jambo ambalo si dogo kwa utulivu wa moyo.

Udhaifu wake uko katika matundu, na ili kuuona yafaa kulitazama dirisha kwa karibu. Dirisha la alumini la kusukuma lenye upana wa mita 1.5 lina vioo viwili vinavyopishana, kwa hiyo hata likifunguliwa mpaka mwisho huachia nafasi ya sentimita 75 tu, na nafasi hiyo nayo imefunikwa na wavu wa mbu unaopunguza kasi ya upepo, na aghalabu pazia zito huning'inia mbele yake. Mwenye nyumba amelipia dirisha zima, na upepo umepewa chini ya nusu. Chumba hicho kikiwa na dirisha upande mmoja tu, na mlango wa ndani umefungwa, upepo wa bahari hata ukivuma kwa nguvu hauingii, maana hewa haiwezi kuingia mahali isipoweza kutokea. Juu yake kuna bati linalochemka tangu saa nne asubuhi, na chini ya bati kuna dari iliyozibwa bila tundu la kutolea hewa moto, kwa hiyo nafasi iliyo kati ya bati na dari hukaa na joto lake hadi usiku na kulishusha polepole juu ya vitanda.

Wengi hulijibu tatizo hilo kwa kiyoyozi. Kiyoyozi huondoa joto na unyevu, na katika chumba cha mgonjwa, mzee au mtoto mchanga wakati wa joto la Februari ni msaada wa kweli ambao simlaumu mtu kwa kuununua. Lakini kiyoyozi cha ukutani kinachotumika majumbani hakileti hewa mpya. Kinavuta hewa ya chumba kilekile, kinaipoza na kuirudisha. Hewa ya nje ina kabonidioksaidi ya takriban sehemu 420 kwa milioni, na katika chumba kidogo kilichofungwa wakalala watu watatu kiasi hicho hupita sehemu 2,000 kabla hapajakucha, na hapo ndipo wengi huamka na kichwa kizito wakadhani hawakulala vya kutosha. Zaidi ya hayo, hewa inayozunguka ndani kwa ndani hubeba kila mtu alichokohoa. Uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa mwaka 2007, ulipima jambo hilo kwa ajili ya kifua kikuu: vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadilisha hewa yote mara 28 kwa saa, wakati vyumba vya kisasa vyenye mitambo ya kuingiza hewa vilibadilisha mara 12 tu, na wodi za zamani zenye dari ndefu na madirisha makubwa ziliupita ujenzi mpya kwa mbali.

Kuhusu mbu, nyumba ya bloku haina kosa la kuzaliwa nalo, ila hutegemea sana mkono wa fundi. Mbu wa malaria hupenda kuingia kupitia mwanya ulio kati ya kichwa cha ukuta na paa. Fundi akiishia kwenye lenta na kuacha mawimbi ya bati wazi juu yake, mbu amefunguliwa mlango. Akiyaziba kwa saruji bila kuacha tundu lenye wavu mahali pengine, mbu amefungiwa nje lakini hewa nayo imefungiwa nje. Katika majaribio ya Gambia yaliyochapishwa mwaka 2018 ilidhihirika kwamba kuziba mwanya huo katika nyumba za makuti kulipunguza mbu kwa asilimia 94, lakini nyumba za bati zilizozibwa vivyo hivyo zilikuwa na joto zaidi ndani, na mbu waliendelea kuingia kwa kupitia milango isiyokaa sawasawa kwenye fremu zake. Inafaa mwenye kujenga aikumbuke milango hiyo. Nafasi ya kidole kimoja chini ya mlango wa mbele hubatilisha kazi ya madirisha yote yenye wavu.

Nyumba ya mawe

Nyumba ya mawe ya Waswahili ilijengwa na watu waliolijua jua la pwani. Kuta zake zina unene wa takriban nusu mita, zimefunikwa kwa chokaa nyeupe inayorudisha mwanga wa jua, na vyumba vyake ni vyembamba na virefu kwa sababu upana ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita tatu hivi. Mgeni hupokewa kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha njia hupinda hadi kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, ambao huleta mwanga na kutoa hewa moto bila kuwaweka wenyeji machoni pa wapita njia. Kwa faragha, utulivu na ubaridi wa mchana, sijaona mchoro wa kisasa unaoishinda. Mtu anaingia kutoka barabarani saa nane mchana, na mwili unatulia kabla hajaketi.

Lakini kipimo chetu ni cha usiku, na hapa nyumba ya mawe inapoteza sehemu ya sifa zake. Ukuta mnene hufaa sana mahali ambapo usiku ni baridi, kama nyanda za Arusha, Iringa au Nairobi, kwa sababu joto la mchana huachiliwa wakati linapohitajika. Pwani wakati wa kaskazi joto la usiku hupungua kwa nyuzi sita hadi nane tu chini ya lile la mchana, kwa hiyo ukuta hauna nafasi ya kupoa vizuri, na wakati wenyeji wanapolala ndipo unapotoa ulichokusanya. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Lamu watu walipanda kulala juu ya paa, chini ya kibanda cha makuti, ambako upepo unapita pande zote. Waliojenga nyumba hizo walijua kwamba chumba cha mchana na chumba cha usiku si lazima kiwe kimoja, na fikra hiyo ina thamani kuliko unene wa ukuta wenyewe. Anayeiga nyumba ya mawe leo kwa kuchukua mlango wa nakshi na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akaliacha paa la kulalia, ameacha sehemu iliyoihudumia afya.

Yako mambo mawili zaidi ambayo anayenunua nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, au Lamu, iliyofuata mwaka 2001, anapaswa kuyaangalia kabla ya kutia sahihi. La kwanza ni unyevu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupokea maji na kuyatoa. Ukipigwa lipu ya saruji, kama ilivyofanywa na wakarabati wengi, maji hubaki ndani, chumvi husukuma lipu nje kwa mabamba, na ukungu huota nyuma ya makabati, jambo lililo baya kwa mwenye pumu. Lipu ya namna hiyo haina budi kubanduliwa na chokaa kurudishwa. La pili ni maji yaliyotuama. Mbu wa dengi, Aedes aegypti, huzaliana katika mitungi, ndoo na birika za ndani ya nyumba na huuma mchana, na Dar es Salaam imeshapata milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019. Wazee wa Lamu walifuga samaki wadogo katika birika zao ili wale viluwiluwi, na leo matangi yenye mifuniko inayobana hufanya kazi hiyo.

Nyumba ya kuta nyepesi

Katika kijiji cha Magoda, wilaya ya Muheza mkoani Tanga, wasanifu na watafiti wa afya walijenga nyumba sita za majaribio zilizochukua mawazo kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, ambako watu huishi katika joto na unyevu kama wetu lakini hulala juu ya nguzo, nyuma ya kuta za mianzi. Kuta za vyumba vya kulala hazikuwa za udongo wala bloku. Zilikuwa za mianzi, mbao au neti ya kivuli, ile nyavu nene ambayo wakulima wa mboga hufunikia vitalu. Ukisimama nje mchana huoni ndani, lakini aliye ndani anaona nje, na upepo unapita ukutani kote badala ya kusubiri dirisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Ikilinganishwa na nyumba za kawaida za kijiji hicho, nyumba mpya za ghorofa zilikuwa na mbu wachache kwa asilimia 96, zile za chini kwa asilimia 77, na joto la ndani lilikuwa pungufu kwa wastani wa nyuzi 2.3. Nyuzi mbili huenda zikaonekana chache kwa anayezisoma, lakini ndizo zinazoamua kama mtoto atavumilia kulala ndani ya chandarua au atakisukuma kando usiku wa manane.

Sababu ya ghorofa kushinda imeelezwa na jaribio jingine la Gambia, ambako vibanda vinavyofanana viliinuliwa kwa vimo tofauti: kilichoinuliwa mita moja kilipungukiwa mbu wa malaria kwa asilimia 40, mita mbili kwa asilimia 68, na mita tatu kwa asilimia 84, kwa kulinganishwa na kilichokaa chini. Mbu huyo huruka karibu na ardhi, akifuata pumzi ya wanadamu. Chumba kilicho juu hakiko njiani mwake, na chumba chenye hewa inayopita hutawanya ile pumzi inayomwongoza. Ndiyo kusema kwamba hapa joto, hewa chafu na mbu, ambavyo katika nyumba ya bloku hushindana kiasi kwamba ukikitibu kimoja unakichochea kingine, hutibiwa vyote kwa uamuzi mmoja. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuipenda nyumba hii.

Baada ya Magoda, wazo hilo lilipelekwa mkoani Mtwara, ambako zilijengwa nyumba 110 vijijini zinazoitwa Star Homes. Hizo ni za ghorofa, zina vyumba vya kulala juu, huvuna maji ya mvua kutoka paani, zina jiko lenye njia ya kutolea moshi na choo bora, na utafiti wake ulifuatilia malaria, magonjwa ya njia ya hewa na kuhara kwa watoto.

Kasoro zake zisifichwe. Ukuta wa neti hauzuii kelele. Anayeishi kando ya barabara kuu au jirani na ukumbi wa harusi atasikia kila kitu, na usingizi uliokatizwa na kelele ni madhara ya afya kama yalivyo mengine. Mvua ya masika yenye upepo hupenya upande mmoja ikiwa paa halikutokeza vya kutosha. Ngazi ni taabu kwa bibi mwenye magoti mabovu na ni hatari kwa mtoto anayejifunza kutembea, kwa hiyo hupasa kuwa na mteremko mdogo, mkono wa kushika na kizuizi juu. Neti hukusanya vumbi na huhitaji kuoshwa, na ikichanika haitasema, mpaka mtu aikague. Mijini, mwizi mwenye kisu hazuiliwi nayo bila grili. Kisha liko lile ambalo watafiti hawalipimi kwa mtego wa mbu: kwa jamii nyingi nyumba ya kudumu maana yake ni tofali, na mzazi aliyejinyima miaka mingi kuwajengea wanawe haridhiki kirahisi kuambiwa ukuta wa neti una afya kuliko bloku. Heshima hiyo ya nyumba ni sehemu ya ustawi wa mtu na msanifu hana haki ya kuipuuza.

Nani achague ipi

Familia yenye watoto wadogo kijijini, katika maeneo yenye malaria nyingi na kelele kidogo, kama Muheza, Rufiji au Mtwara vijijini, ningeishauri nyumba ya tatu bila kusita, au nyumba mchanganyiko: chini bloku kwa sebule, stoo na chumba cha mzee, juu fremu ya mbao au chuma yenye kuta za kupitisha hewa kwa ajili ya vitanda. Mchanganyiko huo hujibu pia suala la heshima, kwa sababu kinachoonekana barabarani ni nyumba ya tofali yenye ghorofa.

Aliyerithi nyumba ya mawe aitunze kwa chokaa na ahamishie malazi juu. Kuanza kujenga mpya ya namna hiyo, kwa gharama za mafundi wachache waliobaki na uhaba wa mikoko, sioni kama ni busara kwa sababu ya afya peke yake.

Mkazi wa mjini mwenye kiwanja kidogo, kelele na hofu ya wezi ataangukia nyumba ya bloku, na wa aina yake ndio wengi. Kwake uchaguzi wa kweli ni kati ya nyumba ya bloku iliyozibwa na nyumba ya bloku iliyofunguliwa, na tofauti ya gharama kati yao ni ndogo ikiamuliwa kwenye mchoro. Upande mrefu wa nyumba uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni likutane na kuta fupi, na ili upepo wa kaskazi, unaovuma kati ya Desemba na Machi, na wa kusi baada yake, upate pa kuingilia. Kila chumba cha kulala kiwe na matundu katika kuta mbili. Kikiwa cha katikati, tundu la pili liwe juu ya mlango. Badala ya kioo cha kusukuma, kitumike kile cha vipande vyembamba vinavyofunguka kwa mkono mmoja na kuachia karibu dirisha zima, au dirisha la bawaba, na wavu uwekwe kwenye fremu inayotoka ili uoshwe. Tofali za matundu zenye wavu zikae juu karibu na dari, na pembe za paa ziachiwe matundu ya namna hiyo ili hewa moto iliyo chini ya bati itoke. Feni ya dari inatumia umeme kidogo mno ukilinganisha na kiyoyozi. Asiyeweza yote hayo kwa mara moja aanze na dari ya wavu au wavu wa milango na madirisha: katika jaribio la Gambia la nyumba 500, lililochapishwa mwaka 2009, nyumba zisizo na kinga zilikamata kwa wastani mbu 37.5 kwa mtego kwa usiku, zenye dari ya wavu 19.1, na zenye wavu kote 15.2, huku watoto wenye upungufu wa damu wakishuka kutoka asilimia 19 hadi 12 katika makundi yote mawili yaliyokingwa.

Jiko likisahaulika katika nyumba yoyote kati ya hizo, hesabu yote inaharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kupikia majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na mkaa, ingawa hautoi moshi unaoonekana, hutoa kabonimonoksaidi inayoweza kuua ndani ya chumba kilichofungwa. Anayepikia mkaa au kuni atenge jiko lake na vyumba vya kulala, aliwekee kuta mbili zilizo wazi na paa lenye tundu juu.

Kwa anayejenga zahanati au hosteli badala ya nyumba, mfano ulio karibu ni Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011. Wasanifu wake walihamishia njia na sehemu za kungojea nje, wakaweka madirisha marefu, feni kubwa na taa za kuua vijidudu juu ya wodi, ili wanaokohoa wasikae pamoja katika ushoroba wa giza. Kila kitanda kilielekezwa dirishani, na hilo si pambo: uchunguzi wa hospitali moja ya Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 1984, ulikuta waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo wakatazama miti kutoka kitandani waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema, kwa wastani siku 7.96 dhidi ya 8.70, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Mwarobaini uliopandwa upande wa magharibi, mbali kidogo na msingi, humpa mwenye nyumba ya kawaida mandhari hiyo pamoja na kivuli cha jioni.

Na kabla ya kulipa fedha za kupaua, mwenye nyumba apande juu ya boma pamoja na fundi wakati kenchi zimeshasimama na bati bado halijapigwa. Aulize mambo matatu hapo hapo: hewa moto itatokea wapi, mwanya wa kichwa cha ukuta utazibwa kwa kitu gani, na wavu utafungwa kwa namna gani ili uweze kubadilishwa. Bati likishapigiliwa, kila jibu kati ya hayo huwa ghali.